Hesabu za kuzidisha: Mikono itangulie, kukariri kufuate

Na Mwandishi Wetu

BINTI yangu, mwanafunzi wa darasa la tatu, alirejea nyumbani jioni moja akiwa amevimba macho kwa kulia. Siku hiyo darasani walisimamishwa mmoja mmoja kutamka jedwali la saba, naye alipofika saba mara nane, ulimi ukamganda. Alibaki amesimama hadi kipindi kilipokwisha.

Kusahau ni jambo la kawaida kwa mtoto, hivyo sikulishangaa sana. Lililonishangaza lilitokea usiku ule ule. Mezani palikuwa na sahani sita, kila moja ikiwa na maandazi manne. Nikamuuliza yalikuwa mangapi kwa jumla. Akanyoosha kidole na kuanza kuhesabu andazi moja baada ya jingine, mpaka akafika ishirini na nne.

Dakika chache kabla ya hapo alikuwa amenighania jedwali la nne, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukosea hata mahali pamoja. Kwake yeye, ule wimbo na yale maandazi vilikuwa vitu viwili visivyojuana.

Wazazi wengi wa mijini watalitambua tukio hili. Mtoto analipiwa masomo ya ziada, ukutani mmebandikwa chati ya kuzidisha, na bado akipewa swali la maneno hajui kama ajumlishe au azidishe. Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, na jinsi kazi ndogo za mikono, kama kusuka karatasi na kutunga shanga, zinavyoweza kuiondoa.

Tatizo linaanza mapema

Nchini Tanzania, tangu mwaka 2015, mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejengwa juu ya stadi tatu, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kama KKK. Kuzidisha ni sehemu ya stadi ya kuhesabu, na mtoto anatarajiwa kuingia darasa la tatu akiwa ameshaonja hesabu hizo.

Hata hivyo, tathmini za Uwezo, zilizoanza kufanyika Afrika Mashariki mwaka 2009 kwa kuwapima watoto majumbani, zimeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawamudu hesabu za kiwango cha darasa la pili.

Matokeo yake huonekana miaka mingi baadaye. Katika mtihani wa kidato cha nne, Hisabati imekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa. Mwanafunzi anayetetereka katika kuzidisha hutetereka katika kugawanya, kisha katika sehemu, asilimia na maeneo, kwa sababu yote hayo yamesimama juu ya msingi mmoja.

Ndiyo maana chozi la mtoto wa darasa la tatu si jambo la kupuuzwa. Pale ndipo wengi wanapoamua, kimyakimya, kwamba Hisabati si yao.

Neno 'mara' lina maana gani?

Tunapofundisha kuzidisha kwa Kiswahili tunalo neno zuri ambalo mara nyingi tunalipita bila kulitazama. Neno hilo ni 'mara'. Mtu akisema amekwenda sokoni mara tatu, kila mtoto anaelewa. Basi 'nne mara tatu' ni kuchukua nne, ukachukua nne tena, na nne tena.

Mtoto aliyefika darasa la pili ameshaona kuzidisha sokoni kabla hajakuona ubaoni. Nyanya hupangwa kwa mafungu. Akitumwa mafungu matatu, na kila fungu lina nyanya nne, anarudi na nyanya kumi na mbili. Hapo amezidisha, ingawa hakuna aliyemwambia.

Neno 'kuzidisha' lenyewe lina mtego wake. Kwa lugha ya kila siku, kuzidisha ni kuongeza kitu kipite kiasi. Mtoto hutarajia kwamba jawabu lazima liwe kubwa kuliko namba alizoanza nazo. Akiambiwa tano mara moja ni tano, au tano mara sifuri ni sifuri, huona amedanganywa.

Mtego huo hauondolewi kwa maelezo marefu. Mpange vikombe vitano vitupu mbele yake, umuulize vina vizibo vingapi kwa jumla. Atacheka, na akishacheka hatasahau.

Kutenda, kuchora, kuandika

Wazo la kumfundisha mtoto kwa kupitia mikono si geni. Daktari wa Kiitaliano, Maria Montessori, alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Rome mwaka 1907, alianza safari iliyozaa, pamoja na mambo mengine, vifaa vya shanga vya kufundishia hesabu. Shanga kumi zilizotungwa kwenye kijiti kimoja ni kumi, na vijiti kumi vilivyolazwa sambamba hufanya mraba wa mia moja. Mtoto huishika namba hiyo mkononi kabla ya kuiandika.

Miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, Jerome Bruner, alieleza kuwa binadamu huweka maarifa kwa njia tatu: kwa kutenda, kwa picha na kwa alama. Singapore ilijenga ufundishaji wake wa Hisabati juu ya mwelekeo huo kuanzia miaka ya 1980. Mtoto hushika vitu, kisha huvichora, na mwisho huandika tarakimu.

Ukitazama madarasa yetu mengi utaona tunaanzia mwisho. Mwalimu huandika 3 × 4 = 12 ubaoni, watoto hunakili, kisha hukariri. Hatua mbili za mwanzo zimerukwa. Mtoto amepewa jina la kitu ambacho hajawahi kukiona.

Kazi ya kwanza: Mafungu

Anza na kilicho karibu kuliko vyote. Kusanya vizibo vya chupa, osha, na tafuta vikombe au vifuu vichache. Mwambie mtoto aweke vizibo vinne katika kila kimoja cha vikombe vitatu. Asihesabu kimoja kimoja, bali ahesabu kwa kuruka: nne, nane, kumi na mbili.

Akimaliza, achore alichokifanya: miduara mitatu, ndani ya kila mmoja nukta nne. Hapo ndipo umwonyeshe kuwa picha hiyo huandikwa kwa kifupi 4 × 3.

Ni muhimu mwalimu na mzazi wasome alama hiyo kwa namna moja siku za mwanzo. Wengine huisoma 'nne, mara tatu', wengine 'mafungu manne ya tatu'. Jawabu ni lile lile, lakini mtoto anayeanza huchanganyikiwa akisikia hivi shuleni na vile nyumbani. Njia rahisi ni kulitazama daftari la mtoto na kufuata anavyofundisha mwalimu wake.

Kazi ya pili: Safu na mihuri

Trei ya mayai ni mwalimu asiyelipwa mshahara. Ina safu sita, na kila safu ina vishimo vitano. Mtoto akijaza safu moja moja kwa vizibo atapata 5, 10, 15, hadi 30. Kreti ya soda ya chupa 24 nayo imepangwa kwa safu nne za chupa sita.

Ubao wa bao tunaoucheza vibarazani una safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32. Katika bao la kujifunza kila shimo huanza na kete mbili, na hivyo kete zote ni 64. Babu anayemfundisha mjukuu wake bao, bila kujua, anamfundisha pia jedwali la nane.

Ili mtoto atengeneze safu zake mwenyewe, kata kiazi mviringo vipande viwili, chonga umbo dogo kwenye uso wake, na kichovye katika rangi ya maji. Huo ni muhuri. Mtoto apige safu tatu za mihuri sita juu ya karatasi.

Sasa geuza karatasi ili upande uliokuwa chini uwe wa kulia. Safu tatu za sita zimekuwa safu sita za tatu. Hakuna muhuri ulioongezwa wala kufutwa, na jumla ni 18 ile ile. Kwa kugeuza karatasi tu, mtoto ameona kwamba 6 × 3 na 3 × 6 ni kitu kimoja, na mzigo wake wa kukariri umepungua karibu nusu.

Kazi ya tatu: Mkeka wa karatasi

Hii ndiyo kazi niliyoona inawavuta watoto kuliko nyingine, labda kwa sababu wengi wao wamewaona bibi zao wakishughulika na miyaa.

Chukua karatasi ngumu yenye rangi. Ikunje katikati, kisha pima kwa rula na uikate mikato mitano kuanzia penye mkunjo kuelekea ukingoni, lakini usifike mwisho. Ukiikunjua utapata vipande sita vya wima vilivyoshikana juu na chini. Mikato mitano imezaa vipande sita, na hilo lenyewe linastahili swali: kwa nini si vitano?

Kata vipande vinne vyembamba kutoka karatasi ya rangi nyingine. Mtoto apitishe cha kwanza juu, chini, juu, chini. Cha pili aanze chini, juu. Aendelee hivyo hadi cha nne, kisha agundishe ncha. Asiye na gundi ya dukani atumie uji mzito wa unga wa ngano.

Mkeka ukikamilika, muulize: una vyumba vingapi? Vipande sita vya wima vimekutana na vipande vinne vya mlalo, na kila vinapokutana pana chumba kimoja. Ni vyumba 24. Kati ya hivyo 12 ni vya rangi ya kwanza na 12 vya rangi ya pili.

Mwambie sasa asuke mkeka wa vipande vitano kwa vitatu. Utakuwa na vyumba 15, na rangi hazitalingana: moja itapata 8 na nyingine 7. Mwache aitafute sababu mwenyewe. Mtoto anayejiuliza kwa nini mkeka mmoja umegawanyika sawa na mwingine haukugawanyika, ameshaingia katika Hisabati yenyewe, na hakuna aliyemlazimisha.

Faida nyingine ya mkeka ni kwamba haumruhusu mtoto kudanganya wala kudanganyika. Akikosea kupitisha kipande kimoja, mpangilio wa rangi unavurugika mbele ya macho yake. Anajisahihisha bila kusubiri alama nyekundu ya mwalimu.

Kazi ya nne: Uzi na shanga

Mtoto atunge shanga 60 katika uzi mmoja, akibadili rangi baada ya kila shanga sita. Badala ya shanga anaweza kutumia vipande vifupi vya mirija ya kunywea soda. Mwisho wa kila kundi afunge kikaratasi chenye namba: 6, 12, 18, 24, hadi 60. Hilo ni jedwali la sita linaloweza kutundikwa shingoni.

Kisha atunge uzi wa pili kwa makundi ya tatu. Nyuzi zikilazwa sambamba, ataona kuwa kila alama ya sita imekutana na kila alama ya pili ya tatu. Jedwali la sita ni jedwali la tatu lililorudufishwa. Kwa njia hiyo mtoto anaacha kuyaona majedwali kama nyimbo kumi zisizohusiana.

Saba mara nane

Turudi kwa binti yangu na swali lililomliza. Siku iliyofuata tulichukua ukurasa wa daftari la Hisabati lenye miraba midogo. Alichora umbo lenye safu saba, kila safu miraba minane. Nikamwomba apake safu tano rangi ya buluu, na safu mbili zilizobaki rangi nyekundu.

Safu tano za nane alizijua: arobaini. Safu mbili za nane alizijua pia: kumi na sita. Akazijumlisha na kupata hamsini na sita. Alinitazama kana kwamba tumeiba kitu.

Hatukuiba. Tulifanya wanachofanya wanahisabati siku zote, yaani kulivunja jambo gumu katika mambo mepesi mawili yanayojulikana. Mtoto akiisha kuona kwamba umbo linaweza kukatwa, na kwamba vipande vikiunganishwa hakuna kilichopotea, amepata ufunguo wa kufungulia jedwali lolote. Tisa mara saba? Chukua kumi mara saba, ondoa saba moja, unabaki na 63.

Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya mtoto aliyekariri tu na aliyejenga. Wote wawili watasahau siku moja. Wa kwanza akisahau, amekwama. Wa pili akisahau, anajua njia ya kurudi.

Je, kukariri kuachwe?

La hasha. Mwanafunzi wa darasa la tano anayegawanya namba kubwa hawezi kusuka mkeka kila anapokutana na sita mara nane. Anahitaji jawabu papo hapo. Hoja ya makala haya ni mpangilio: mikono itangulie, picha ifuate, na kukariri kuje mwisho.

Kinachokaririwa chenyewe ni kidogo kuliko tunavyowatisha watoto. Jedwali la moja hadi kumi lina mafumbo 100. Kwa kuwa kugeuza hakubadili jawabu, yanabaki 55. Ukiondoa yanayohusu moja, mbili, tano na kumi, ambayo watoto wengi huyashika upesi, yanabaki 21.

Ya tisa hupatikana kwa kumi ukipunguza, na ya nne ni kurudufisha mara mbili. Ukiyatoa hayo, yanabaki kumi tu, yale yanayohusu tatu, sita, saba na nane zenyewe kwa zenyewe. Mtoto akioneshwa orodha hiyo fupi anapata moyo. Kuambiwa yamebaki kumi si sawa na kukabidhiwa chati nzima.

Darasa lenye wanafunzi wengi

Walimu wa shule za umma watauliza, na wana haki ya kuuliza, kazi hizi zitawezekanaje katika chumba chenye watoto 80. Tangu elimumsingi bila ada ilipoanza kutekelezwa nchini Tanzania mwaka 2016, idadi ya wanafunzi iliongezeka sana, na madarasa mengi ya mijini yamefurika.

Jibu ni kwamba si lazima kila mtoto awe na kifaa chake. Kila mmoja akileta vizibo vitano, watoto 80 wataleta vizibo 400. Wakigawanywa katika vikundi kumi vya watoto wanane, kila kikundi kitakuwa na vizibo 40, vinavyotosha kujenga mafumbo mengi ya kiwango chao. Viwekwe katika makopo, na vitatumika mwaka mzima.

Gharama nayo iangaliwe kwa makini. Nchini Kenya, mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019 ulileta kazi nyingi za mikono, na mwaka 2021 wazazi wengi walilalamika hadharani kwamba wanalazimika kununua vifaa kila uchao. Hilo ni funzo kwa wote. Kazi ya mikono inayomfanya mzazi akope imepoteza maana yake. Vizibo, maboksi, magazeti ya zamani na mirija vinatosha.

Kuna pia suala la usalama. Vizibo vya bati vina kingo zinazokata, hivyo ni heri kutumia vya plastiki. Shanga na vitu vidogo visiachwe mahali penye watoto wachanga, kwani huvitia kinywani. Mikasi iwe yenye ncha butu, na mtu mzima awepo.

Aidha, mzazi ajihadhari asiifanye kazi hiyo yeye. Mkeka uliosukwa na mama usiku wa manane ili mtoto apate alama nzuri haumfundishi mtoto chochote. Mkeka uliopinda wa mtoto mwenyewe una thamani zaidi. Dakika ishirini kwa siku zinatosha, na ziishe mtoto akiwa bado anataka kuendelea.

Mwanzo mpya

Mtaala mpya wa elimu ya msingi ulioanza kutumika Tanzania Januari 2024 unasisitiza umahiri, yaani kile ambacho mwanafunzi anaweza kukifanya, badala ya kile anachoweza kukitamka. Ni shabaha njema. Itafikiwa ama itakosekana katika mambo madogo kama haya: je, mtoto anayesema sita mara nne anaona kitu chochote kichwani mwake?

Wiki tatu baada ya jioni ile, nilimtega tena binti yangu alipokuwa akinisaidia kupanga vyombo. Nikamuuliza saba mara nane. Akanyamaza. Alikuwa amesahau tena.

Lakini safari hii hakulia. Alitazama juu kidogo, akanong'ona arobaini, akanong'ona kumi na sita, kisha akanipa jawabu na kuendelea kufuta sahani.